Jiwe la milimita 6 karibu na kibofu: ningoje litoke lenyewe au nikubali leza?

NahodhaShela

Assalamu alaykum jamaa, na hamjambo nyote mlio humu. Naandika kutoka Shela, Lamu. Kazi yangu ni mashua. Msimu wa wageni nawapeleka Manda na kwenye mikoko, na msimu ukiisha naingia baharini kuvua. Kutwa niko juani, na maji ya kunywa chomboni ni ya dumu moja kwa watu wote.

Maumivu yalinianza usiku, ubavu wa kushoto kwa nyuma, chini ya mbavu. Yalipanda haraka, kisha yakashuka mbele mpaka kwenye kinena na korodani. Nikikaa hapakaliki, nikilala hapalaliki, nikisimama natafuta pa kushika. Nilitapika mpaka ikabaki nyongo tupu. Mara yakaacha, nikamshukuru Mungu, mara yakarudi kwa nguvu ileile. Mamangu alisema ni mshipa, mjomba akasema chango, wakanikanda kwa kitambaa cha maji moto. Joto lile kwa kweli lilinisaidia kidogo. Asubuhi mkojo ulitoka na rangi ya chai ya mkandaa, na hapo ndipo mke wangu aliposema hatungoji tena. Akaita boti tukaenda mjini, hospitali ya King Fahd. Nilipigwa sindano ya diklofenaki, na baada ya kama nusu saa niliweza kuzungumza na watu.

Altrasaundi ilionyesha figo ya kushoto imevimba kwa mkojo uliokosa njia, ila jiwe lenyewe halikuonekana. Ikabidi Mombasa kwa picha ya CT. Huko likaonekana: milimita 6, limekwama kwenye mrija unaotoka kwenye figo, sehemu ya chini kabisa, karibu na kibofu. Daktari bingwa wa njia ya mkojo alinipa tamsulosini, tembe moja kila usiku, na dawa ya maumivu. Akasema tungoje hadi wiki 4. Lisipotoka, ataingiza kamera nyembamba kwa njia ya mkojo, alivunje kwa leza, na huenda akaacha stenti, yaani mrija laini, ndani kwa muda.

Sasa nimerudi kisiwani na hofu yangu ni usiku. Maji yakijaa, njia ya ufukweni kutoka Shela hadi mjini haipitiki vizuri kwa miguu, na boti ya usiku hupati papo kwa papo. Mombasa nayo ni kuvuka hadi Mokowe, kisha Hindi, Witu, Garsen, Malindi, Kilifi, ndio ufike. Kwa maumivu yale, safari ile siioni.

Nawauliza mliopitia. Mtu afanye nini maumivu yakimjia usiku na hospitali iko mbali? Stenti je, ni kweli inauma kuliko jiwe lenyewe, kama nilivyoambiwa gatini? Na haya maji ya visima vyetu ndiyo yaliyonipa jiwe? Nina watoto wanne wanakunywa hayohayo. Na Ramadhani ikifika, nifunge au nisifunge? Naomba mnijibu kwa uwazi, hata kama jibu ni gumu.


MkaaMkomani

Wa alaykum salaam nahodha, pole sana, Mola akupe shifaa. Mimi si daktari. Ninachojua ni kwamba wazee wetu walitumia ndevu za mahindi, wanazichemsha na mgonjwa anakunywa kutwa nzima. Shemeji yangu alifanya hivyo, akaongeza mafuta ya zeituni na ndimu asubuhi kabla hajala kitu, na jiwe likatoka. Kabla hujakubali kutiwa vitu ndani ya mwili, jaribu hiyo kwanza. Na maumivu yakija, kunywa maji jagi zima kwa mpigo mmoja, yalisukume.


MapishiMalindi

Nahodha, pole kaka yangu. Nimeona nikujibu kwa kirefu kwa sababu uliyoyaeleza nayajua kwa mwili wangu. Nina mkahawa hapa Malindi, upande wa mji wa kale. Alfajiri nakaanga mahamri, mchana nasimamia wali na samaki wa kupaka. Kazi ya jiko haikupi nafasi ya kunywa wala ya kwenda msalani, na jasho linakutoka tangu adhana ya kwanza. Langu lilikuwa jiwe la milimita 9, juu, karibu na figo yenyewe.

Nianze na hili la kungoja. Jiwe la milimita 6 liko mpakani. Nilielezwa kwamba yaliyo chini ya milimita 5 mengi hutoka yenyewe, na ya 5 hadi 10 ni kama nusu kwa nusu. Lako limeshafika chini, na hilo linakupa matumaini kuliko langu lililokuwa limekwama juu. Tamsulosini inalegeza misuli ya mrija hukohuko chini, na inafaa zaidi kwa mawe ya ukubwa kama huo wa lako. Kwa hivyo daktari wako hakukuacha hivihivi, amekupa muda wenye maana. Mimi ningengoja. Lakini ningengoja nikiwa nimejipanga, tena nikijua ni dalili gani ikitokea basi kungoja kumekwisha.

Dalili hiyo ni homa. Mkeo naye asome hapa. Mkojo uliozibwa na jiwe ukiingiwa na vijidudu, figo inajaa usaha usio na pa kutokea, na sumu yake inaingia kwenye damu kwa saa chache tu. Mimi nilikuwa naingojea siku yangu ya leza, dawa za maumivu nilikuwa nazo na nilikuwa navumilia vizuri, halafu jioni moja nikaanza kutetemeka. Baridi ilinishika mwezi ambao Malindi watu wanalala na madirisha wazi kwa joto. Dada yangu aliniwekea kipimo, kikapita 38. Hakunisikiliza nilipomwambia tungoje asubuhi. Alinitia kwenye tuktuk vilevile nilivyo, na usiku uleule nikapelekwa Mombasa.

Na huko siku ile jiwe halikuguswa kabisa. Hili linawashangaza wengi, hata jamaa zangu walilalamika kwamba nimelazwa na jiwe bado liko. Waliingiza stenti ikapita kando ya jiwe ili mkojo ushuke, wakanipa dawa za vijidudu kwa mshipa, na jiwe wakaliacha mpaka maambukizi yaishe. Kulivunja jiwe lenye usaha nyuma yake ni kuusambaza usaha huo mwilini. Wapo ambao stenti haipiti, hao hutobolewa tundu dogo mgongoni na mrija ukaingizwa moja kwa moja kwenye figo, mkojo utoke nje kwenye mfuko. Shabaha ni ileile, kuifungulia figo.

Basi homa ya 38 au zaidi, au kutetemeka, pamoja na maumivu ya ubavu, haingoji asubuhi wala haingoji maji yapwe. Vivyo hivyo mkojo ukikatika kabisa, au ukitapika hadi dawa hazikai tumboni, au maumivu yakikataa dawa uliyopewa. Hapo ni boti, kwa bei yoyote atakayoitaja mwenye boti.

Usiku wako wa Shela sasa. Kama una jamaa mjini, Langoni au popote karibu na hospitali, omba ulale kwao wiki hizi. Sioni aibu yoyote hapo, na mkeo atapata usingizi. Kama haiwezekani, zungumza leo na wenye boti wawili, uwaeleze ugonjwa wako, mkubaliane kabisa, ili usiku uwe ni kuwapigia tu. Picha ya CT, barua ya daktari na kitambulisho viwe kwenye mfuko mmoja wa plastiki karibu na mlango. Mfuko wangu dada yangu aliunyakua bila kuuliza, na kule Mombasa ile picha ndiyo iliyofanya nisianze foleni ya vipimo upya.

Dawa ya maumivu imeze maumivu yakiwa yanaanza. Usijipime uvumilivu kwanza, maana yakishafika juu utaitapika. Mwombe daktari ile diklofenaki ya kuingiza njia ya haja kubwa, hiyo haijali kutapika. Kwangu ndiyo iliyoniokoa mara nyingi. Chupa ya maji moto nilikuwa naifunga ubavuni kwa kanga, na mamako hakukosea kukukanda, joto linasaidia kweli. Parasetamoli inaweza kuongezwa juu yake, ila usichanganye diklofenaki na tembe nyingine za jamii yake kama aibuprofeni. Wala usikubali vidonge vikali visivyo na jina ambavyo utaletewa na vijana kwa nia njema.

Sasa stenti, ambayo naona ndiyo inayokutisha zaidi. Ni mrija laini wa plastiki, kichwa kimoja kimejikunja ndani ya figo na kingine ndani ya kibofu, wenyewe uko ndani kwa ndani, hakuna kinachoonekana nje. Taabu yake ipo, sitakuficha. Kila wakati unahisi mkojo umekubana hata ukitoka msalani sasa hivi. Ukikojoa unasikia mvutano ubavuni, kwa sababu mkojo kidogo unapanda kurudi juu kupitia ule mrija. Nikisimama jikoni muda mrefu au nikinyanyua sufuria la wali, mkojo unakuwa mwekundu, nikipumzika na kunywa maji unasafika. Lakini maumivu ya jiwe ni kitu kingine. Aliyekuambia gatini kwamba stenti inauma kuliko jiwe, huenda ndivyo mwili wake ulivyompa, watu wametofautiana sana hapa. Mimi na stenti nilipika, nililala, nilihudhuria arusi. Na jiwe sikuweza hata kumeza mate.

Kilichonisaidia ni kutobana mkojo, kunywa maji kidogokidogo kutwa, na tamsulosini ileile unayomeza wewe, nayo huwapa wagonjwa wa stenti ili kibofu kitulie. Nilivaa pedi nikitoka. Sala ilinipa wasiwasi kwa vile wakati mwingine mkojo ulinichuruzika, nikamwuliza ustadhi wetu, akaniambia nitawadhe upya kila wakati wa sala ukishaingia, nijihifadhi, nisali, wala nisijitese kwa kurudiarudia.

Leza yenyewe sikuihisi. Unapigwa nusu kaputi au sindano ya mgongoni, hakuna kisu wala mshono, na kama hakuna tatizo unarudi nyumbani siku hiyohiyo au kesho yake. Kutolewa stenti ni dakika chache. Wanaweka jeli ya ganzi, kamera nyembamba inaingia, wanaishika na kuivuta. Kwa mwanamke ni rahisi zaidi kwa kuwa njia ni fupi, kwa mwanamume kuna usumbufu zaidi lakini ni wa muda mfupi. Kuna ambazo huachwa na uzi mwembamba nje, nayo huvutwa kwa huo uzi.

Kaka yangu, nililokusudia kukuambia hasa ni hili. Ukiwekewa stenti, usitoke hospitali bila tarehe ya kuitoa kuandikwa, na jina la anayehusika. Nilikuwa wodini na mama mmoja ambaye alikuwa amekaa nayo muda mrefu mno. Alipata nafuu, nauli ikawa tabu, watu wakamwambia si huumwi tena. Stenti ikikaa inaota mawe juu yake, mpaka inakuwa mgonjwa mpya ndani ya mgonjwa. Yule mama alihitaji upasuaji zaidi ya mmoja kuitoa. Baada ya leza kwa kawaida ni wiki moja au mbili, na hata ile ya muda mrefu isizidi miezi mitatu hivi bila kutolewa au kubadilishwa. Nilimlilia yule mama kwa sababu hakuna aliyemweleza kwamba kile kitu kina mwisho wake. Wewe wa kisiwani uko katika hatari hiyo zaidi yetu, kwa sababu ya ile safari. Tenga nauli ya kurudi kuitoa kabla hujaenda kuiwekewa. Na hakikisha mchango wako wa SHA, ile bima ya afya ya serikali, umelipwa, kisha uwaulize hospitali mapema kama idhini ya upasuaji imetoka, usifike Mombasa ukaanza kuzungushwa.

Kwa Ramadhani nawaachia wanaojua zaidi.


TabibuMstaafu

Nahodha, pole sana mwanangu. Nilifanya kazi ya utabibu mwambao huu kwa miaka mingi, Lamu na Tana River, na wagonjwa wa mawe nimewaona wengi, zaidi wavuvi, wapishi, madereva na wale wanaofanya kazi kwenye mashamba ya chumvi huko Gongoni na Marereni. Wote ni watu wa jua na jasho. Dada wa Malindi amesema ya haki kuhusu homa na stenti, sina la kuongeza hapo.

Ndugu yangu wa Mkomani, nia yako ni njema na sikudharau. Shemeji yako inawezekana jiwe lake lilikuwa dogo, na mawe madogo hutoka, uwe umekunywa ndevu za mahindi au hukunywa. Mawe mengi, kama manane katika kumi, ni ya kalsiamu, na hayo hayayeyuki kwa majani wala kwa mafuta ya zeituni. Yapo ya asidi ya uriki, hayo huweza kuyeyuka, lakini kwa dawa ya sitrati inayopunguza ukali wa mkojo, mgonjwa akipimwa na kufuatiliwa na daktari. Ndimu ina nafasi yake: sitrati iliyomo inazuia kalsiamu kushikana kuwa jiwe jipya. Kamua kwenye maji, unywe bila sukari. Hilo ni la kuzuia la kesho, la leo limeshakwama.

Na jagi zima la maji wakati wa maumivu, hapana. Maumivu yanatokana na figo kutanuka kwa mkojo uliozuiwa. Ukimimina maji mengi wakati huo unaongeza shinikizo nyuma ya kizuizi, na hakuna ithibati kwamba jiwe linasukumika. Kunywa kadiri ya kiu. Maji mengi yaanze maumivu yakitulia.

Diklofenaki ni dawa nzuri sana kwa maumivu haya, lakini uile na chakula, na asiitumie mwenye vidonda vya tumbo, mwenye figo dhaifu au mwenye ugonjwa wa moyo bila kuongea na daktari. Tamsulosini inaweza kukupa kizunguzungu ukiinuka ghafla. Wewe ni mtu wa chombo, kwa hivyo imeze usiku ukienda kulala na usisimame ukingoni mwa mashua siku za mwanzo. Inaweza pia kupunguza manii au yasitoke kabisa wakati wa tendo la ndoa. Usishtuke, ukiacha dawa mambo hurudi kama yalivyokuwa.

Kuhusu kuvunja mawe, niseme kidogo kwa wanaosoma kwa ajili ya jamaa zao. Nilipokuwa mwanafunzi, jiwe kubwa maana yake ilikuwa kupasuliwa ubavu. Mwaka 1980 huko Munich, Ujerumani, mgonjwa wa kwanza alivunjwa jiwe kwa mawimbi ya mshtuko yanayopigwa kutoka nje ya mwili, na tangu hapo kisu kikaanza kurudi nyuma. Mawimbi hayo hayatumiki kwa mja mzito, na vipande bado itabidi uvikojoe. Kamera na leza zinafaa zaidi kwa mawe ya chini kama lako. Yaliyozidi milimita 20 ndani ya figo hutolewa kwa tundu dogo mgongoni.

Sasa maji ya visima. Shela mna bahati, vile vilima vya mchanga vinahifadhi maji ya mvua, na mji wa Lamu umeyategemea kwa miaka mingi. Ugumu wa maji peke yake sioni kama ndio uliokupa jiwe. Kisima kikiwa na ladha ya chumvi dhahiri, hicho kiepuke kwa kunywa, tumia ya jabia au ya mvua yaliyosafishwa. Kilichokupa jiwe zaidi ni uchache wa hayo maji. Mkojo ukiwa mzito, chembe zinakutana na kushikana. Lengo ni kukojoa kama lita 2 na nusu kwa siku, na kwa jua lenu hiyo inataka unywe lita 3 na zaidi. Hutaweza kupima kila siku, basi tazama rangi: mkojo uwe mweupe au wa manjano hafifu sana. Chukua dumu lako mwenyewe chomboni, mbali na lile la wote. Madafu ni mazuri. Soda zenye sukari nyingi punguza. Na wewe na wanao mpunguze chumvi ya kwenye chakula, hiyo ndiyo ninayoiogopa kuliko ya kisimani: ng'onda, achari, chumvi ya kunyunyiza juu ya viazi. Chumvi nyingi huifanya figo imwage kalsiamu kwenye mkojo.

Watu wakisikia kalsiamu wanaacha maziwa. Msiache. Maziwa na mtindi vikiliwa pamoja na chakula hushika okzaleti, ile chembe ya kwenye vyakula inayoungana na kalsiamu kuwa jiwe, tumboni isifike kwenye figo, na ukiviacha hatari inaongezeka. Chenye okzaleti nyingi ni mchicha, korosho na chai kali. Sikukatazi mchicha, mimi mwenyewe naula, ila uchemshwe, maji yake yamwagwe, na usiwe wa kila siku. Nyama nyingi nayo ipunguze. Na zile tembe za vitamini C za miligramu 1000 ambazo watu wanameza kila siku kwa kinga, mwenye historia ya mawe aziache.

Ramadhani: mgonjwa ameruhusiwa na Qur'ani yenyewe, Sura ya Al-Baqara aya ya 185, alipe siku nyingine. Jiwe likiwa bado limo ndani na figo imevimba, mimi ningekushauri usifunge, na daktari wako akuambie mwisho wake. Ukishapona na ukaweza kufunga, maji uyagawe kati ya futari na daku, usiyanywe yote kwa mara moja, na kazi ya juani isogeze asubuhi mapema. Mawe hurudi, karibu nusu ya watu hupata tena ndani ya miaka kumi, kwa hivyo hii si habari ya mwezi mmoja.


NahodhaShela

Nawashukuru sana, Mungu awalipe. Nimehamia kwa shemeji Langoni na mke wangu amefurahi. Wenye boti nimeongea nao. Nauli ya kurudi imeshatengwa, dada wa Malindi, nimeiweka kwa mamangu ili nisiiguse.

Hali imebadilika tangu juzi. Ubavu umetulia, maumivu yameshuka chini kabisa. Nahisi mkojo kila mara, nikienda ni matone, na unachoma mpaka mwisho wa njia. Homa sina, nimepima asubuhi na jioni. Je, hii ni ya jiwe au nimepata maambukizi? Na likitoka nitalijuaje?


TabibuMstaafu

Jiwe likifika kwenye mlango wa kibofu hufanya hasa hivyo ulivyoeleza, kwa hivyo inaweza kuwa habari njema. Lakini maambukizi nayo yanachoma vilevile, na kwa maneno matupu hatuwezi kuyatenganisha. Nenda hospitali ya mjini leo upimwe mkojo, uko karibu sasa. Endelea kupima homa.

Kuanzia sasa kojolea kwenye chombo na upitishe mkojo kwenye chujio la chai, ambalo halitarudi jikoni tena. Jiwe la milimita 6 utaliona, kahawia au jeusi, mara nyingi lina miiba. Unaweza kusikia kama kitu kimechoma ghafla kisha nafuu kubwa. Lioshe kwa maji, likauke, litie kwenye kichupa kikavu safi, usilitie spiriti wala usilibandike kwa utepe, na ulipeleke lipimwe ni la aina gani. Daktari akishajua aina ndipo atakapokuambia upunguze nini hasa, haya niliyoyasema ni ya jumla.


MapishiMalindi

Na likitoka, Mombasa bado uende kwa miadi yako, kaka. Wapige altrasaundi waone uvimbe wa figo umeshuka. Maumivu kukoma hakutoshi kuthibitisha, jiwe linaweza kunyamaza huku mrija bado umeziba na figo inaharibika taratibu. Ukipita Malindi na basi likisimama kula, nitumie ujumbe humu, nikupe maji ya ndimu ya njiani.


NahodhaShela

Nitakuja, inshaAllah. Nimerudi sasa hivi kutoka hospitali: vijidudu havikuonekana, damu kidogo tu. Chujio limenunuliwa.